KIMBILIO LA WANYAMA: NANI ATALIPA CHAKULA?

Na Mweka Hazina wa Chama

Kila mwaka ukurasa huu wa somo huandikwa na katibu au mwenyekiti, nao hutufunza ngeli, methali au utungaji wa insha. Mwaka huu nimepewa mimi, mtu wa hesabu, kwa sababu jambo lililotutoa jasho chamani mwaka mzima lilikuwa la pesa. Nalo ni lile pendekezo la kujenga kimbilio la mbwa na paka wanaozurura nyuma ya bwalo. Pesa zipo, shilingi 41,350, zilizochangwa Siku ya Wazazi. Kura ndiyo haijapigwa. Itapigwa katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao, na hao mbwa hawana muda mwingi, kwa maana tumekwisha kuambiwa kwamba jambo hili lisipotengenezwa wataitiwa watu wa kuwaondoa, na sote twajua maana ya kuondolewa. Hivyo basi naomba kila mmoja asome kabla ya kuinua mkono.

Nianze na lugha, maana hiki ni Chama cha Kiswahili wala si chama cha mifugo. Kimbilio latokana na kitenzi kimbilia, na ni mahali ambapo mwenye kufukuzwa huendea akasalimika. Wako waliopendekeza tuite hifadhi, lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa na ndovu wa Tsavo. Mtu akisikia hifadhi hutarajia lango, tiketi na watalii. Makao nalo si baya, ila makao ni mahali pa kukaa siku zote, na hapo ndipo penye tatizo letu, kama nitakavyoonyesha. Mbwa tunayemsema ni mbwa koko. Kamusi za kale zasema koko ni kichaka, kwa hiyo huyu ni mbwa wa kichakani, asiye wa mtu. Paka dume mkubwa anayejitafutia mwenyewe huitwa shume, na hapa shuleni tunaye mmoja ambaye hata mpishi humpisha njia. Tena yapo yale majina tuliyokariri katika shule ya msingi: mtoto wa mbwa ni kilebu, wa paka ni kinyaunyau, wa punda ni kiongwe. (Ukifungua kamusi za zamani utakuta kiongwe ni punda wa bara, mkaidi, asiyetaka kuongozwa. Waliotutungia orodha za mtihani walikuwa na yao.)

Mbwa wetu tuliwahesabu kwa siku tatu mfululizo, saa ya chakula cha jioni: kumi na wawili, madume saba na majike matano. Paka hawahesabiki.

Sasa tuje kwenye pesa. Sisi Wakenya tuna shule moja kubwa ya kuchanga, nayo ni harambee. Mzee Jomo Kenyatta alilifanya neno hilo kuwa wito wa taifa mwaka wa 1963, na limeandikwa katika nembo ya taifa hadi leo. Shule nyingi za upili za miaka ya 1960 na 1970 zilijengwa kwa njia hiyo, zikaitwa shule za harambee. Mama alileta kuku akanadiwa, mzee alileta mbuzi, mwenye mshahara alitaja noti zake mbele ya kipaza sauti. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007 hata kutoka nyumbani si lazima. Mtu huchanga akiwa kitandani. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hayo sina ubishi nayo.

Lakini harambee ina tabia yake. Harambee hupenda kitu kinachoonekana. Watu huchangia ukuta, paa, mlango, basi la shule. Hakuna mgeni wa heshima aliyewahi kuweka jiwe la msingi juu ya gunia la omena. Ndiyo maana shule nyingi za harambee zilipata madarasa kwanza, kisha walimu na vitabu vikasumbua miaka na miaka, ikabidi Serikali iingilie kati na kuzipelekea walimu. Ukuta huchangwa siku moja, na mwalimu hula kila mwezi. Mbwa ndiye mbaya zaidi, yeye hula kila siku.

Hebu tupige hesabu pamoja. Fundi aliyekuja kutuangalizia mahali alisema banda la mabati, mbao, wavu na sakafu ya saruji, pamoja na ufundi wake, litagharimu shilingi 38,000. Tutoe hizo katika 41,350. Zimebaki 3,350. Sasa tuseme mbwa mmoja ale chakula cha shilingi 50 kwa siku, yaani ugali, omena kidogo na matumbo siku ya matumbo. Mbwa 12 ni shilingi 600 kwa siku. Zile 3,350 zitawalisha siku tano, na chenji ya shilingi 350. Siku ya sita mbwa wataamka ndani ya banda jipya lenye jina letu mlangoni, wametukodolea macho. Kwa mwaka mzima tungehitaji shilingi 219,000. Hata tusipojenga kitu, tukaamua pesa zote ziwe chakula tu, zitaisha siku ya sitini na tisa kabla ya jioni. Na sijataja sabuni, dawa ya viroboto, wala likizo ya Desemba ambapo sisi sote tuko makwetu tukila chapati.

Mtu atauliza: kwani sasa hivi wanakula nini? Swali zuri mno, na kwa maoni yangu ndilo kiini cha somo hili. Wanakula makombo ya bwalo, jaa la nyuma ya jiko, panya, na vitu ambavyo si vyema kuvitaja katika jarida. Yaani wanajilisha. Mbwa koko akiwa huru ana kazi yake ya kujitafutia, mbaya au nzuri. Ukimfungia, umemwachisha kazi, na kuanzia saa hiyo wewe ndiwe mama yake. Watu wengi wenye huruma hawalifikirii jambo hili. Huona mnyama ana shida, na ufumbuzi wa kwanza unaowajia ni kuta nne.

Siku ile ya Wazazi, nilipokuwa nimeshika ndoo ya michango, mzee mmoja aliniuliza kwa upole, “Mwanangu, watoto wa watu wanalala njaa barabarani, nanyi mwachangia mbwa?” Aliuliza, kisha akatia noti ya mia mbili akaondoka, hivyo hakungoja jibu. Ni swali la haki, na si geni. Mwaka wa 1860 huko London mama mmoja aliyeitwa Mary Tealby alifungua nyumba ya mbwa waliopotea mtaa wa Holloway, akaanza kuomba michango. Magazeti yalimcheka, pamoja na lile kubwa la The Times: yaani mji uliojaa maskini wasio na pa kulala, huyu anajengea mbwa nyumba! Mwandishi maarufu Charles Dickens alikuwa upande wake, na mwaka wa 1862 jarida lake lilichapisha makala ya kuitetea nyumba hiyo. Mama Tealby alifariki mwaka wa 1865, lakini mwaka wa 1871 nyumba yake ilihamia Battersea, na hadi leo inapokea mbwa na paka pia. Kejeli haikuiua. Hata hivyo naona jibu la kumpa yule mzee wetu si la Dickens. Liko karibu zaidi, nami nitalifikia nikimaliza habari za punda.

Punda wanaingiaje? Wanaingia kwa sababu kimbilio la wanyama linalojulikana zaidi katika pwani yetu ni la punda, nalo lina historia ya pesa ambayo kila mweka hazina angefaa aisome.

Elisabeth Svendsen alikuwa Mwingereza aliyeendesha hoteli pamoja na mumewe katika jimbo la Devon. Mwaka wa 1969 alinunua punda jike mmoja aitwaye Naughty Face. Mmoja akawa wawili, wawili wakawa wengi, maana mtu akishajulikana kuwa ana huruma ya punda, basi kila punda aliyechoka ataletwa mlangoni kwake. (Hili nalo tulitie akilini. Tukitundika kibao cha kimbilio, si mbwa wetu 12 tu watakaokuja. Watu wa mtaani watatuletea vilebu katika maboksi usiku.) Kisha mwaka wa 1974 alifariki mama mwingine, Violet Philpin, aliyekuwa pia akitunza punda, akamwachia Bi Svendsen wake katika wosia. Punda 204! Wengine hurithi shamba au nyumba, yeye alirithi midomo 204 ya kulishwa majani, na kwato 816 za kukatwa. Hapo ndipo mchezo ulipogeuka kuwa kazi.

Shirika lake, The Donkey Sanctuary, lilisimama kwa kuwa lilijifunza kutafuta pesa zinazorudi, si pesa zinazokuja mara moja. Lilikuwa na njia zake mbili kubwa. Ya kwanza ni wosia: watu, hasa wazee, huandika kwamba nikifa, kiasi fulani cha mali yangu kiwe cha punda. Sehemu kubwa ya mapato yake kwa miaka mingi imetoka huko. Ya pili ni punda wa kupanga. Mtu hulipa ada kidogo kwa punda mmoja mwenye jina lake. Punda hubaki kituoni, na mlipaji hutumiwa picha na habari zake. Tazama ujanja wa jambo hili. Huchangii banda. Unachangia punda fulani, mwenye jina na uso, na mwaka ukiisha huwezi kumwacha, roho itakusuta. Bi Svendsen alifariki mwaka wa 2011, na kufikia wakati huo shirika lilikuwa limepokea maelfu ya punda.

Mama huyu alifika Lamu mwaka wa 1985, akawaona punda wa pale wana vidonda na wamekonda. Mwaka wa 1987 kituo kikafunguliwa mjini humo. Wasiofika Lamu wajue kwamba mitaa ya mji wa kale, ule ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka wa 2001, ni myembamba hata gari halipiti. Punda ndiye lori. Hubeba mchanga, mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, saruji na maji. Kisiwa hicho kina punda elfu kadhaa. Jioni akifunguliwa mzigo huachwa ajiendee, naye huzurura vichochoroni akitafuta maganda na majani. Mgeni akimwona usiku amesimama mlangoni mwa watu hudhani ni punda asiye na mwenyewe. Kumbe ana mwenyewe, na asubuhi atafuatwa.

Basi fikirini. Lau kituo kile kingesema punda wote wanaozurura Lamu waingizwe zizini, kingefilisika kabla ya msimu wa kaskazi kwisha, na mji ungekosa lori. Hakikufanya hivyo. Kazi yake kubwa imekuwa kutibu vidonda, kuwapa dawa ya minyoo, na kuwafunza wenye punda namna ya kupakia mzigo usiomchuna mgongo. Matibabu hayo bila malipo. Wachache tu, wagonjwa na wasiojiweza, ndio hukaa. Pia yamekuwako mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri, mwenye punda akapewa zawadi. Shilingi inayotumiwa kumtuza mwenye punda mmoja huwafikia punda wengi, kwa sababu jirani naye atataka kushinda mwaka ujao. Hiyo ndiyo maana ya pesa kufanya kazi. Sisi tumezoea kusema shukrani ya punda ni mateke, lakini wanaomtumia punda Lamu wanajua kwamba mgongo uliopona hulipa.

Hata hivyo kituo hakiwezi kila kitu. Punda anayekula jaani hula na mifuko ya plastiki, ikamfunga tumbo akafa. Marufuku ya mifuko hiyo hapa Kenya, ya Agosti 28, 2017, iliwasaidia punda bila mtu kujenga hata choo. Na janga lililowapata punda wa bara halikutokana na ukosefu wa mabanda. Kati ya mwaka wa 2016 na 2018 zaidi ya punda 300,000 walichinjwa katika vichinjio vilivyopewa leseni nchini, ngozi zao zikapelekwa Uchina kutengenezwa dawa iitwayo ejiao, na wezi wakawa wanaiba punda usiku kwa wenyewe. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo mwaka wa 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara ya ngozi za punda barani kote. Nimelitia hili si kwa kupotea njia. Nataka tuone kwamba kabla ya kuchangia kitu, yafaa tujue ni nini hasa kinachowaua wanyama wenyewe. Kama ni kisu, banda si jawabu. Kama ni njaa, banda si jawabu. Sasa mbwa wetu kinawaua nini?

Kinachotishia kuwaua ni hofu ya watu. Na hofu hiyo ina haki. Muhula wa pili mwenzetu mmoja aliumwa mguuni akitoka kunawa vyombo. Akapelekwa hospitali, akachomwa sindano ya kwanza, akaambiwa arudi tena na tena kwa siku zilizopangwa. Alipona vizuri, lakini wazazi wake waliingiwa na wasiwasi na uongozi ukatoa lile onyo. Kichaa cha mbwa si mzaha, jameni. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huu huupata kwa mbwa, na kwamba wanne kati ya kila kumi wanaokufa ni watoto wasiofika miaka 15. Dalili zikianza, ni nadra sana mtu kupona. Ndiyo maana aliyeumwa huambiwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbie hospitali hata kama jeraha ni dogo.

Lakini shirika hilo hilo lasema pia kwamba kuua mbwa ovyo hakuuondoi ugonjwa. Ukiwaua hawa 12, jaa litabaki pale pale likinukia, na mbwa wengine wa mtaani, wasiojulikana na yeyote, watakuja kujaza nafasi. Kinachouzuia ni chanjo: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwetu hiyo ni mbwa tisa, na sisi tunaweza kuwachanja wote 12. Kenya ina mpango wa taifa, ulioanza mwaka wa 2014, wa kuukomesha ugonjwa huu kwa watu, kwa kuwachanja mbwa, ifikapo mwaka wa 2030, na kila Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kaunti mbalimbali huwa na zoezi la kuchanja. Basi jibu la yule mzee wa noti ya mia mbili ni hili: Mzee wetu, hatukuchangia mbwa dhidi ya watoto. Pesa hizo zikitumiwa vizuri zitawalinda watoto kwanza.

Daktari wa mifugo aliyezungumza nasi alitupigia hesabu. Kumfunga kizazi jike mmoja ni shilingi 3,500. Majike matano ni 17,500. Chanjo, tukikosa ile ya kaunti, ni shilingi 300 kwa mbwa, jumla 3,600. Kwa hiyo 21,100 zitatupa mbwa 12 waliochanjwa na majike matano yasiyozaa tena. Jike aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, vilebu wanne, sita, hata zaidi kila mara. Nawaachia watu wa Hisabati wamalizie. Madume nayo hupaswa kuhasiwa, lakini pesa zikiwa chache anza na majike. Dume mmoja aliyesalia atayazalisha yote, na jike aliyefungwa hazalishwi na yeyote.

Zitabaki shilingi 20,250, na hapa nataka tukope fikira moja kutoka pwani. Waislamu wa huko tangu zamani wana jambo liitwalo wakfu. Mtu mwenye nyumba au shamba la minazi husema: mali hii naitoa kwa ajili ya msikiti fulani au madrasa fulani. Tangu hapo mali yenyewe haiuzwi wala hairithiwi. Pato lake, yaani kodi ya nyumba au bei ya nazi, ndilo linalotumiwa, mwaka baada ya mwaka, hata mtoaji akiwa ameoza kaburini. Iko hata Tume ya Wakfu huko Mombasa, iliyowekwa kwa sheria, kuziangalia mali hizo. Wosia wa wale wazee wa Devon ni ndugu yake wakfu. Harambee hujenga, wakfu hulisha, na sisi tumejua sana kuchanga kwa njia ya kwanza tukaisahau ya pili.

Wakfu wa wanafunzi utakuwa nini, nasi hatuna minazi? Nimeulizia viti vya plastiki. Kimoja ni shilingi 500 ukinunua vingi. Viti 40 ni 20,000. Hapa mtaani hakuna Jumamosi isiyo na harusi, matanga au mkutano wa chama cha akina mama, na kiti hukodishwa shilingi 10 kwa siku. Viti vyote vikitoka mara nne kwa mwezi ni shilingi 1,600. Najua mtacheka. Kwa kiwango chetu cha shilingi 50, hiyo ni chakula cha mbwa mmoja kwa mwezi, na siku mbili juu. Mbwa mmoja! Baada ya kelele zote!

Naam, mbwa mmoja. Lakini ni mmoja atakayekula mwezi huu, mwezi ujao na Desemba tukiwa hatupo, bila kumwomba mtu. Bawabu amesema yuko tayari kukaa na mmoja langoni, hata wawili, wawe walinzi. Wengine, wakishachanjwa na kufungwa kizazi, nafuu tuwatafutie kwao: wazazi wenye mashamba tayari wamewaulizia watatu. Waliosalia waendelee na makombo kama sasa, ila wawe mbwa tunaowajua, wenye ukanda shingoni, na jaa lifunikwe wasiwe wanaingia bwaloni. Sioni aibu katika hilo. Chama cha kulinda wanyama cha Nairobi, kilichoanza mwaka wa 1910, nacho hutafutia wanyama watu wa kuwachukua.

Wale wanaotaka banda hawana roho mbaya, na najua mwenyekiti wangu ni mmoja wao. Hoja yao ni kwamba banda litaonekana, na kikionekana kitu, wachangiaji watakuja wenyewe. Yaweza kuwa kweli. Hoja hii ingenishawishi kama tungekuwa na mtu mmoja, mmoja tu, aliyeahidi kwa maandishi kulisha kwa mwaka. Hatunaye. Mbwa aliyefungiwa akakosa chakula yuko pabaya kuliko aliye jaani, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, huhesabu kumnyima chakula mnyama uliyemweka kuwa ni ukatili. Pia tukitaka kwenda na ndoo za michango sokoni, nje ya shule, ipo sheria ya michango ya umma, Sura ya 106, na ruhusa hutafutwa kwanza. Nimemwomba mwalimu mlezi atusaidie kwa hilo.

Daftari la pesa liko ofisini mwake, na mwanachama yeyote aweza kulitazama saa za mapumziko. Napendekeza pia tuchague watu wawili wa kutia sahihi pamoja nami, mmoja wao awe wa wale wanaotaka banda. Mkutano utakuwa Ijumaa ya kwanza baada ya kufungua shule, saa kumi, darasani mwetu. Tuje mapema, kwa maana yule jike mweusi wa nyuma ya jiko ana mimba, na mpishi anasema atazaa kabla hatujarudi, kwa hiyo hesabu yangu ya mbwa 12 itabidi irekebishwe pale pale ubaoni.